Yai Namba Tisa

Kitale, Jumapili tarehe 31 Agosti. Asubuhi ukungu mpaka saa tatu, mlima haukuonekana. Jua kidogo wakati wa kanisa, halafu manyunyu.

Mwanangu Wambui,

Umelala. Nimepita mlangoni kwako mara mbili kuhakikisha, kama nilivyokuwa nikifanya ulipokuwa na surua. Sanduku lako liko tayari karibu na mlango, na baba yako ameshasema saa kumi na moja na nusu atakuwa amewasha gari.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala kufuli, wala jinsi ya kuishi na wasichana wengine chumba kimoja. Hayo nimeyasema wiki nzima, mpaka jana ukaniuliza kama unaenda Bungoma kusomea uuguzi au unaenda vitani. Nina jambo moja tu, na nimechelewa nalo kwa wiki tano.

Yai namba tisa hukuliua wewe. Nililivunja mimi.

Nimeweka kalamu chini kidogo baada ya kuandika hayo, nikanywa chai iliyopoa. Nimehisi kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi. Lakini najua wewe ni mtu wa kuuliza "ilikuwaje", tangu ukiwa na miaka mitatu, kwa hivyo nitakueleza ilivyokuwa. Shajara yangu iko hapa wazi mbele yangu.

Unakumbuka jinsi ugonjwa wa kideri ulivyopita bomani mwezi wa Mei. Cucu, nyanya yako, alibaki na kuku wanne na jogoo mmoja, kati ya wale wote wa ukoo ule aliokuja nao kwenye lori akiwa bibi harusi, wenye shingo zisizo na manyoya. Na hao wanne, hakuna aliyetaka kuatamia. Walitaga, wakaondoka, wakaenda kuchakura kama wasichana wenye shughuli zao. Cucu alikuwa akiyakusanya mayai kwenye kikapu chenye unga wa mahindi, kila moja akiligeuza kila siku, na uso wake ulikuwa umesawijika. Hakulia. Alisema tu, "Wakiisha hawa, wameisha." Ndipo nikasikia habari za yule bwana wa Kimilili aliyekuwa akiuza mashine yake ya kuangua mayai kwa sababu amechoka nayo, na nikaenda nikaileta.

Ulinicheka siku hiyo. "Mum, umenunua redio?" Kwa kweli ilifanana na redio kubwa: sanduku jeupe, kidirisha cha kioo juu, balbu ndani, na kipimajoto chenye namba nyekundu. Tuliiweka pembeni ya sebule, nyuma ya kochi, mahali upepo wa mlangoni haufiki. Cucu aliizunguka mara moja na fimbo yake akasema, "Kuku asiye na mabawa." Halafu akatoa kikapu. Mayai ishirini na mawili. Aliyachagua mwenyewe, na hakuruhusu nioshe hata moja.

Shajara inasema: "Jumamosi 5 Julai. Mvua jioni. Mayai 22 yameingia saa mbili usiku. Joto 37.5. Siku ya 1."

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, Wambui, na nimeliona baadaye sana. Usiku ule mayai hayakuwa yamekaa ndani hata saa moja, na mimi tayari nilikuwa nimeyaandikia siku nzima. Nikaendelea hivyo. Kesho yake siku ya 2, kesho kutwa siku ya 3, kwa wino wa buluu, na mstari chini kwa rula. Daftari lilipendeza sana. Lilikuwa limekosea tangu mstari wa kwanza.

Cucu aliniuliza wiki ile ile, tukichambua maharagwe.

"Uliyaweka lini?"

"Jumamosi."

"Basi yatatoka Jumamosi. Jumamosi ya tatu."

"Hapana, Cucu. Siku ishirini na moja zinaisha Ijumaa."

"Zinaisha wapi?"

"Kwenye hesabu."

Akarusha haragwe bovu kando. "Kuku hana hesabu. Akilala Jumamosi, anaamka Jumamosi."

Nilitabasamu, lile tabasamu unalolijua, la mtu aliyemaliza kidato cha nne akimsikiliza mtu ambaye hakufika darasa la tatu. Leo naliona tabasamu lile na nataka kulifuta kwa kitambaa.

Mashine ile ilitufanya tuwe karibu, mimi na wewe. Umeme ulipopotea ile Jumatano, ni wewe uliyetoa blanketi kitandani mwako ukaizungushia mashine, ukajaza chupa za maji moto ukazipanga kando, na ukakaa sakafuni karibu nayo ukisoma namba za kipimajoto kwa sauti kila baada ya dakika tano, kama mtangazaji wa mpira. Mimi nilikuwa naandika. Wewe ulikuwa unalinda. Mayai tuliyawekea alama kwa penseli, X upande huu na O upande ule, tuyageuze mara tatu kwa siku bila kusahau, na kila yai namba yake. Cucu alisema yeye huyawekea alama ya makaa tu, na kuku hajawahi kulalamika.

Siku tulipoyamulika mara ya kwanza kwa tochi ya simu, kupitia kile kibomba cha katikati ya karatasi ya choo, mayai manne yalikuwa matupu, meupe ndani kama taa. Mengine kumi na manane yalikuwa na mishipa. Na namba tisa lilikuwa linacheza. Doa jeusi ndani yake lilikuwa linaruka. Ulisema, "Huyu hana adabu, hatulii." Kuanzia hapo kila asubuhi ulianza kwa kuuliza hali ya namba tisa, hata kabla ya kunisalimia.

Sasa Ijumaa ile.

Usiku wa Alhamisi nilikuwa nimekwisha kukataza mtu yeyote kugusa mayai. Maji yamejazwa, kifuniko kimefungwa, hakuna kufungua mpaka yaanguliwe. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi na kuibandika juu. Na wewe ulifungua. Ulilimulika namba tisa mara moja ya mwisho, ukalirudisha, ukaja kuniambia mwenyewe. Nilikukaripia. Ulisema, "Pole, nilitaka tu kumwona." Jambo lilikuwa limeisha hapo.

Ijumaa ukaenda mjini kutoa nakala za vyeti vyako kwa ajili ya chuo. Cucu alikuwa shambani kwa jirani. Nilikuwa peke yangu na mashine, na kwa daftari langu ilikuwa siku ya 21. Saa mbili asubuhi nikainama nikasikiliza. Kimya. Saa tatu nikafungua kifuniko kidogo, nikafunga. Saa nne tena. Nimehesabu hapa kwenye shajara: nilifungua mara saba kabla ya saa sita. Kila nikifungua, kile kioo kilichokuwa na ukungu wa maji kilikuwa kinakauka, na niliona kinakauka, na bado nilifungua. Nilikuwa nimeshawaambia watu kanisani. Nilikuwa nimemwambia Cucu ni Ijumaa. Wale ndio kuku wake wa mwisho, na mimi ndiye niliyeyatoa mayai mkononi mwake nikayatia kwenye sanduku la umeme.

Saa saba mchana nilichukua namba tisa kwa sababu nilijua ndilo lenye uhai kuliko yote. Nikajiambia nitatoboa tundu dogo tu upande ule mpana, nione kama kuna mtu. Nilitumia kijiko cha chai. Ganda lilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Chini yake kulikuwa na utando, na nao ukapasuka, na damu ikatoka, damu nyekundu kabisa, mwanangu, kama ya kidole chako ukijikata. Alikuwa mzima. Alikuwa anapumua. Kiini kilikuwa bado hakijaingia chote tumboni. Alikuwa anahitaji siku moja tu, ile niliyomnyang'anya kwa wino wa buluu.

Nilimfunga kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikamrudisha ndani, nikakaa hapo nikiomba. Saa tisa aliacha kupumua. Nikamfunga kwa gazeti pamoja na ganda lake, nikaenda nikamsukumiza chini kabisa ya shimo la jivu, nikanawa mikono, nikaweka mahindi jikoni.

Ukarudi saa kumi na moja ukiwa na bahasha yako. Hukuvua hata sweta.

"Namba tisa iko wapi?"

"Imekufa."

"Imekufa aje?"

"Si uliimulika jana usiku?"

Ulisimama hapo. Nakumbuka uliiweka bahasha juu ya meza taratibu sana, kama imejaa maji.

"Kwani ni mimi nimeiua?"

"Sijasema hivyo."

Ni kweli, sikusema. Nilinyamaza tu, na wewe ukajaza pale nilipoacha. Usiku nikaandika kwenye shajara: "No. 9 imekufa. W. aliimulika jana, muda mrefu." Nimeyasoma tena maneno hayo leo. Hata kwenye daftari ambalo hakuna mtu anayelisoma ila mimi, nilikuwa naogopa kuonekana.

Nataka ujue kwamba haikuwa mara ya kwanza. Kabla sijaolewa nilifanya kazi miezi minane Bungoma, kwenye duka la vitambaa, upande wa kwenda Kanduyi. Utapita hapo kesho; sasa nasikia wanauza simu. Tulikuwa wasichana wawili, mimi na Nafula wa Naitiri, msichana mwenye kucheka mpaka wateja wanasahau bei. Siku moja niliegemeza robota la kitambaa kwenye kioo cha kaunta, kikapasuka kutoka kona hadi kona. Nafula alikuwa amesimama upande wa pili akikunja. Tajiri alipoingia aliuliza, "Nani?" Mimi nikaangalia kitambaa. Nafula naye alinyamaza, sijui kwa nini, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu na kioo, yeye ndiye aliyefunga nguo zake jioni ile akarudi kwao.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye, soko la Kimilili, anauza vitunguu. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Alinikumbatia, akakupa kitunguu ukacheze nacho. Nikamwambia, "Nafula, kile kioo." Hakuniacha nimalize.

"Ati ulidhani sijui? Si nilikuwa hapo bana, nakuangalia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Alisema hivyo huku anapanga vitunguu, bila hasira. Akaniongezea viwili juu ya nilivyonunua. Nilitembea mpaka kituoni nikiwa nimeamua kwamba jambo kama hilo halitanitokea tena. Na likanitokea, kwa mtoto wangu mwenyewe, kwa ajili ya yai.

Kesho yake, Jumamosi, unajua yaliyotokea. Tuliamka na kelele. Nilidhani ni panya. Wewe ndiye uliyeinua leso juu ya kioo, na walikuwa wawili tayari, wamelowa, wabaya wa kutisha, wamelaliana kama walevi. Cucu alikuja na kanga begani, akaangalia, akaniangalia mimi.

"Leo siku gani?"

"Jumamosi, Cucu."

"Mimi nilikuwa nauliza tu."

Kufikia jioni walikuwa kumi na wanne. Shingo zao hazina kitu, kama za ukoo wao. Cucu alikaa kwenye kochi siku nzima bila kula, akisema yeye anaangalia televisheni. Nilipaswa kufurahi na nilifurahi. Lakini wewe hukukaribia. Ulikuwa umesimama mlangoni na mikono yako mfukoni, na uliniambia maneno ambayo sikuyaandika popote kwa sababu sikuhitaji kuyaandika: "Mum, kama yai tu limenishinda, naenda kushika watoto wa watu vipi?" Ukasema labda utaiandikia ofisi ya chuo wampe mtu mwingine nafasi yako.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikasema, "Tutaongea kesho."

Kesho yake ilikuwa ile Jumapili ya namba kumi na sita. Mayai mengine mawili hayakuwa na dalili yoyote, lakini namba kumi na sita lilikuwa limetobolewa na kifaranga wake tangu Jumamosi mchana na mdomo ulikuwa nje, unafunguka na kufungika, na hakuna zaidi. Utando ulikuwa umekauka ukamshika kama karatasi iliyolowa ikakaukia mkononi. Nilijua kwa nini umekauka. Ni mimi na vifuniko vyangu saba. Nikasogea na Cucu akaniwekea fimbo mbele ya magoti.

"Si wewe. Wambui."

Ulisema huwezi. Cucu alikuambia, "Jina lako ni langu, na mikono yako ni yangu pia. Lete maji ya moto." Ulileta. Alikuonyesha kwa maneno tu, hakugusa: chovya kitambaa, kamua, weka juu ya utando, ngoja. Ukiona damu, acha. Ulingoja. Mungu wangu, jinsi ulivyongoja. Mimi ningekuwa nimeshavuta. Ulilowesha, ukarudisha ndani, ukafunika, ukakaa nusu saa umekunja mikono, ukatoa tena, ukalowesha. Kuanzia baada ya kanisa mpaka saa kumi na mbili. Hukuvuta hata mara moja. Kifaranga akasukuma mwenyewe kwa miguu yake akatokea kitambaani mwako, na mguu mmoja umejipinda kidogo, na wewe ukasema kwa sauti ndogo sana, "Karibu."

Na leo yule kifaranga ndiye anayewapita wenzake kwenye chakula, mnamwita Sista, kama wauguzi, na ile barua ya kukataa nafasi hukuiandika. Ulipona bila mimi kukuponya. Nilishukuru Mungu kwa hilo, halafu, nikuambie ukweli, nikajificha ndani yake. Nikajiambia, si ameshapona? Kuna haja gani tena?

Cucu ndiye hakukubali. Jumatatu alienda kuchota jivu la kuwawekea kuku wajipake, akarudi na kile kigazeti mkononi. Aliniweka pale jikoni akakifungua juu ya meza ya kukatia sukuma.

"Mtoto akivunja yai hukimbia," akasema. "Hafungi kwa gazeti."

Nikachukua kitambaa nikapangusa meza kando ya gazeti.

"Utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

"Kabla hajapanda gari," akasema, akakifunga tena vizuri kuliko nilivyokuwa nimekifunga mimi, akaenda kukizika chini ya ndizi. Tangu siku hiyo hajanikumbusha kwa maneno. Ila kila Jumapili baada ya chakula ananiuliza, "Zimebaki Jumapili ngapi?" na wewe ulidhani anahesabu siku za kukukosa.

Leo baada ya chakula aliniuliza tena. Nikasema, "Ni hii."

Wambui, utakuwa na mikono juu ya watu. Utakosea, kwa sababu hata mwenye daftari zuri hukosea. Siku hiyo kuna mwenzako atakuwa amesimama karibu na kioo. Hayo tu ndiyo ninayoomba uyakumbuke, na kama utayasahau, mkumbuke Nafula na vitunguu vyake viwili. Kama bado anauza pale Kimilili, gari likisimama, shuka umsalimie. Mwambie wewe ni yule mtoto wa mgongoni.

Labda ulijua siku zote. Labda ulikuwa unangoja niseme, na hizi wiki tano umekuwa ukinipakulia chakula na kunichekesha huku unangoja. Kama ni hivyo, nisamehe mara mbili. Asubuhi sitaki uniambie chochote mbele ya baba yako, nitalia na tutachelewa. Barua nitaiweka chini ya taulo lako, utaikuta ukienda kuoga; uisome ukiwa njiani.

Nimechukua shajara sasa hivi. Pale kwenye Ijumaa 25 Julai nimepiga mstari mmoja juu ya maneno yale, yasomeke bado, na chini yake nimeandika: "Si kweli. Nililivunja mimi saa saba mchana, kwa kijiko. W. hakukosea kitu." Na tarehe ya leo. Halafu nimerudi nyuma nikabadilisha siku zote kwa penseli, kuanzia Jumamosi ile. Pale palipoandikwa 1 sasa pana sifuri. Ukurasa umechafuka sana. Nimeuangalia muda mrefu na sijaona sababu ya kuunakili upya.

Cucu amekohoa chumbani kwake. Nilidhani amelala.

"Bado unaandika?"

"Namaliza, Cucu."

"Umeandika ile?"

"Nimeiandika."

Nimesikia kitanda kikilia anapogeukia ukuta. "Basi zima taa. Watu walale."

Nazima ya mezani. Ile ya mashine naiacha. Mayai ya mara hii yana siku tisa, nikihesabu kama yeye.

Mama yako.

Saa saba kasorobo usiku. Manyunyu yameacha. Naenda kulala, na nadhani nitalala.